WAKILI SIO MSANII, ACHENI KUMUUZIA KIKI!

Mjini sasa hivi kuna mchongo mpya na watu wanapiga hela kimya kimya. Sio kubeti, sio viwanja hewa, sio mafuta ya kukuza nywele. Ni kuwauzia mawakili umaarufu.

Ndiyo wadau, mawakili. Wale wasomi wa suti nyeusi. Zamani ukimtaka mmoja unamuulizia kwa mjomba, mjomba anamuulizia kwa mwenye nyumba wake, mwisho unaelekezwa ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku hizi unahangaika ya nini? Fungua Instagram tu. Utamuona anashuka kwenye gari kwa mwendo wa polepole, miwani myeusi, mkoba mkononi, muziki wa Kinigeria unapiga kwa nyuma, na maandishi makubwa ya Kiingereza ambayo bibi yako wa Mbagala hawezi kuyasoma. Hajasema ofisi iko wapi. Hajasema anashughulika na kesi gani. Ila kapendeza.

Hiyo video hakuitunga yeye. Kauziwa. Na aliyemuuzia hajui hata tofauti ya kesi ya madai na kesi ya jinai.

MZEE WA KIKI KAHAMA KAMBI

Kuna jamaa mmoja anafahamika sana mitaa ya Sinza na Mikocheni. Miaka michache nyuma alikuwa anasimamia wasanii chipukizi wa Bongo Fleva. Kazi yake ilikuwa kumtengenezea msanii kiki. Leo msanii ana mtoto wa nje, kesho kagombana na demu wake, keshokutwa kanunua gari ambalo kumbe la kuazima. Wasanii wakaishiwa, wengine wakamkimbia huku wanamdai. Jamaa akaukagua mji, akaona kuna kundi moja linaonekana lina hela na halijui kitu kuhusu mitandao. Akabadili jina la kurasa yake, akanunua koti, akaanza kugonga milango ya ofisi za mawakili.

Anaingia na kompyuta mpakato, anaongea haraka, anaonyesha grafu inayopanda. Anamwambia wakili, "Mheshimiwa, wewe ni mkali ila hujulikani. Mwenzako wa Posta ana wafuasi elfu arobaini. Unadhani kampuni za madini zinampigia nani simu?" Wakili wa watu anaanza kutoka jasho.

Kifurushi chake kinajulikana, maana anawauzia wote kile kile. Picha kumi za kukunja mikono mbele ya kabati la vitabu. Kama ofisi haina vitabu, vinaazimwa. Video mbili za kushuka kwenye gari. Wafuasi wa kununua, wengi wao wana majina ambayo hata ulimi wa Kibantu haufiki. Posti tatu kwa wiki za misemo kuhusu haki, zimenakiliwa kwenye mtandao na chini limewekwa jina la wakili kana kwamba kasema yeye. Na kwa wale wenye mfuko mzito zaidi, kuna TUZO.

Hii ya tuzo wadau wa burudani mnaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Unaambiwa umechaguliwa kuwania tuzo ya wakili bora wa mwaka. Unafurahi, unampigia mama. Baada ya siku mbili unaletewa bili ya meza ya watu kumi ukumbini, pamoja na "mchango wa maandalizi". Ukilipa umeshinda. Usipolipa, kura zako hazikutosha. Wasanii walishaliwa sana kwenye mchezo huu mpaka wakashtuka. Sasa wameletewa wasomi, na wasomi wanalipa tena kwa furaha, wanapigwa picha wameshika kioo kilichochongwa Kariakoo.

KIJANA WA KINONDONI

Tuchukue mfano wa wakili mmoja kijana ambaye habari zake zimezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanasheria. Ofisi yake iko Kinondoni, anachangia chumba na wenzake wawili. Ameapishwa kama miaka miwili iliyopita.

Na kuapishwa sio mchezo. Anayedhani uwakili unaokotwa akumbuke matokeo ya Shule ya Sheria yaliyotikisa nchi mwaka 2022. Wanafunzi 633 walifanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kelele zilipigwa mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Huyo kijana unayemuona na suti ya mtumba amepita kwenye tundu la sindano. Kasoma miaka minne ya chuo, kaenda Shule ya Sheria, kafanya mazoezi ya kazi bila malipo ya maana, kasubiri kuapishwa. Leseni yake ndiyo shamba lake, ndiyo duka lake, ndiyo mahari yake.

Mzee wa kiki akamuuzia kifurushi cha laki nane kwa mwezi. Kijana akalipa miezi minne. Hela ya kwanza ilikuwa akiba yake, ya pili ikatoka kwenye kikoba cha mkewe, ya tatu akakopa, ya nne hata mkewe hajui ilitoka wapi.

Akapata nini? Wafuasi elfu kumi na moja. Halafu wateja sasa. Wanafunzi wa sheria waliomwomba nafasi ya kujifunza kazi. Watu waliotaka ushauri wa bure saa tano usiku. Mmoja aliyetaka kukopeshwa nauli. Na wadada wawili waliomuuliza kama ameoa.

Wakati huo huo kuna mama wa Mbagala aliyekuwa na shauri la mirathi kwake. Mama alipiga simu mara tatu wiki moja, haikupokelewa. Wakili alikuwa ufukweni Coco anapigwa video ya "siku moja katika maisha ya mwanasheria". Kuna siku shauri la mteja mwingine lilitajwa Kisutu, wakili hayupo, mteja peke yake kasimama anababaika mbele ya hakimu. Shauri likaondolewa. Kulirudisha ni maombi mapya, kiapo kipya, gharama mpya na maelezo ya kwa nini hukuwepo. Atamwambia hakimu nini, kwamba mwanga wa jua ulikuwa mzuri?

Hapo ndipo utaona kwamba hii biashara sio utani wa mitandaoni. Anayelipa sio wakili peke yake. Yule mama wa Mbagala naye analipa, na hajawahi kuiona hiyo kurasa.

SHERIA IPO, MUUZAJI HAIJUI

Msanii akifanya kiki ikabuma, anaomba radhi, anatoa wimbo, maisha yanaendelea. Wakili hana nafasi hiyo.

Hapa Tanzania mawakili wanaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo haitaki udalali wa kuwavizia watu na kuwapeleka kwa wakili fulani. Juu yake kuna kanuni za maadili za mwaka 2018 zinazoweka mipaka ya jinsi wakili anavyoweza kujitangaza. Akilalamikiwa, anaitwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Kamati hiyo ina meno. Inaweza kumsimamisha, inaweza kumfuta kwenye orodha ya mawakili kabisa.

Sasa jiulize swali dogo tu. Siku kamati inakaa, anayeitwa ni nani? Mzee wa kiki? Thubutu! Yeye keshachukua chake, keshafuta namba, yuko kwa daktari wa meno anamwambia, "Dokta, wewe ni mkali ila hujulikani."

Na kuna mchezo mwingine mbaya kuliko wa picha. Wapo wanaomwambia wakili, "Usinilipe mshahara bosi. Mimi nakuletea wateja, kila anayelipa unanikatia asilimia kumi." Wakili mwenye njaa anaona kama kashushiwa mana. Hajui kwamba hapo kajifunga kitanzi. Maadili ya kazi hii, katika nchi nyingi, hayaruhusu wakili kugawana ada na mtu asiye wakili. Sababu iko wazi hata kwa aliyeishia darasa la saba. Yule anayelipwa kwa kichwa hatachagua vichwa. Atakwambia kesi yako ni nyepesi hata kama imekufa. Atakuvizia mochwari. Atakufuata wodini ukiwa na plasta mguuni.

Mtasema hayo ni maneno ya kutisha watu. Basi angalieni Uingereza. Kule kampuni za udalali zilikuwa zinakusanya majina ya watu waliopata ajali na kuwauzia mawakili, jina kwa bei yake, kama magunia ya mkaa. Simu zilikuwa zinapigwa kwa watu mchana na usiku, "Tumesikia ulipata ajali." Ikafika mahali Bunge lao likatunga sheria mwaka 2012, na kuanzia Aprili 2013 mawakili wakapigwa marufuku kulipa au kupokea malipo ya namna hiyo kwenye madai ya majeruhi. Nchi yenye mahakama za miaka mia kadhaa ilishindwa kuvumilia. Sisi huku tunataka kuianza kama fasheni mpya.

SIRI YA MTEJA IMEKUWA MAUDHUI

Tuje kwenye lile lililowauma wengi.

Kuna mwigizaji mmoja wa filamu, jina lake acha lipumzike, aliachana na mumewe. Alikwenda kwa wakili kama mtu yeyote. Alikaa kwenye kiti, akalia, akasema yote, maana kwa wakili ndipo mahali pekee unaposema yote. Kesi ikaisha vizuri upande wake.

Wiki ile ile kurasa ya wakili ikaweka posti. "Tumemshindia mwanamama maarufu! Nyumba na watoto vimebaki kwake! Na wewe unateseka kwenye ndoa? Njoo tukutoe!" Picha ikawekwa, uso umefunikwa na ukungu. Ila dera lile alikuwa kalivaa kwenye harusi ya rafiki yake mwezi mmoja nyuma, na mji mzima ulikuwa umeliona. Haikupita saa moja komenti zikajaa jina lake. Jioni kurasa za udaku zilikuwa zinajadili nyumba ni ya nani, na watoto wanafanana na nani. Watoto wanasoma, wadau. Wana simu. Wana wanafunzi wenzao wenye simu.

Wakili alipoulizwa, eti alisema hakuandika yeye, kaandika kijana wa mitandao.

Hilo jibu ndilo aibu yenyewe. Kijana wa mitandao alilijuaje faili? Nani alimpa picha? Siri ya mteja sio mali ya wakili aigawe kama karanga kwenye kikao. Sheria ya Ushahidi inayalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na wakili hatakiwi kuyatoa bila mteja kuridhia. Polisi mwenye bunduki anazuiwa na hilo ukuta. Halafu anaingia mtoto wa kamera kwa mlango wa nyuma kwa sababu tu kasema, "Mheshimiwa, ushuhuda wa wateja unauza."

Kwa mganga ushuhuda unauza. Kwa mwalimu wa mazoezi ushuhuda unauza, mtu alikuwa na kitambi, sasa hana. Kwa wakili, ushuhuda ni talaka ya mtu, ni deni la mtu, ni mtoto wa mtu aliyekamatwa usiku. Mwenye akili hawezi kuomba kitu hicho kwa ajili ya laiki.

Kuna na hili la namba za simu. Wauzaji hawa wakishapata faili la wateja, wanachukua namba zote na kuzirushia ujumbe mfupi wa matangazo. Mtu alikuja miaka mitatu iliyopita kugongewa muhuri kwenye mkataba wa kiwanja, leo anapokea ujumbe wa "Heri ya sikukuu, karibu tukusimamie kesi yako ya jinai." Mke anausoma, anauliza, "Kesi gani hiyo baba fulani?" Ndoa inatikisika kwa ujumbe wa shilingi chache. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na tume yake ipo. Namba uliyoiacha kwa wakili kwa kazi moja sio mbegu ya kupandwa kila shamba. Wakili anayeruhusu hilo anavunja sheria ambayo kesho atatakiwa kuisimamia mahakamani kwa niaba ya mtu mwingine.

"KWA HIYO MAWAKILI WAFE NJAA?"

Hapa ndipo watetezi wa mzee wa kiki wanapoamka. Wana hoja, na isipojibiwa itakuwa ni uonevu.

Wanasema, wakili naye analipa pango. Wakili kijana hana mjomba kampuni ya simu. Wazee wa zamani wanajulikana tayari ndio maana wanaipenda hii sheria ya kukaa kimya. Na wakili mzuri akijificha, mwananchi anaangukia mikononi mwa vishoka, wale wanaokaa nje ya mahakama na mihuri feki mfukoni. Kwa nini nchi nyingine waliruhusu matangazo na mbingu haikuanguka?

Ni kweli kabisa waliruhusu. Ila angalieni walichoruhusu kilikuwa nini.

Marekani, mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Mawakili wawili vijana, John Bates na Van O'Steen, walifungua ofisi ya kuwahudumia watu wa kipato cha kawaida, wale ambao sio masikini wa kupata msaada wa serikali na sio matajiri wa kulipa kampuni kubwa. Hesabu zikawa hazifungi. Mwaka 1976 wakaweka tangazo gazetini, kitu ambacho kilikuwa marufuku kwa mawakili wa pale. Chama kikawaadhibu. Wakapanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, na Juni 1977 wakashinda, majaji watano kwa wanne. Matangazo yote ya mawakili mnayoyaona Marekani leo yamepita kwenye mlango ule.

Sasa lile tangazo lilikuwa na nini? Gari? Miwani? Mikono iliyokunjwa? Lilikuwa na BEI. Talaka isiyo na mgogoro dola 175, ongeza dola 20 za mahakama. Kubadili jina dola 95, ongeza dola 20. Basi. Mtu anasoma, anajua aje na shilingi ngapi, anaamua.

Jirani zetu Kenya nao vile vile. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kuwazuia mawakili kabisa kujitangaza kunapingana na Katiba yao ya 2010. Mwaka 2014 zikaja kanuni za kuwaruhusu kwa masharti. Na moja ya misingi ya hoja ile ilikuwa ni haki ya MTUMIAJI wa huduma kupata taarifa. Haki ya yule mama wa Mbagala, ukimhamishia Nairobi. Hakuna jaji aliyesema wakili ana haki ya kununua wafuasi wa Bangladesh.

Kwa hiyo hoja ya njaa ya mawakili inasimama, ila haimbebi mzee wa kiki hata hatua moja. Mwananchi ana kiu ya kujua wakili yuko wapi, anafanya kazi gani na bei gani. Kinachouzwa hakina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ni kama mtu ana kiu unamuonyesha picha ya glasi.

WASOMI NA NYIE MJITAZAME

Lawama zote zikimwangukia muuzaji itakuwa sio haki. Mnunuzi ana shahada.

Wakili anayenunua kiki hamuwazii mteja, anamuwazia wakili mwenzake. Anataka yule aliyesoma naye darasa moja aone. Anataka kwenye mkutano wa chama watu wageuke. Ndio maana kurasa zao zimeandikwa Kiingereza kigumu mpaka unahisi unasoma hukumu. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hakimu anaandika Kiswahili, mashahidi wanaongea Kiswahili, halafu anayetafuta wateja Buza na Tandika anajitangaza kwa Kiingereza. Anamtangazia nani?

Na suala la bei, jamani. Kuna Amri ya Ada za Mawakili ya mwaka 2015, viwango vimeandikwa, sio siri ya jeshi. Lakini muulize wakili wa Instagram kesi ya mirathi ni shilingi ngapi. Atakwambia "njoo ofisini tuyajenge". Ukifika ofisini anakuangalia viatu kwanza. Mtu akishakutana na hiyo mara moja, mara ya pili anakwenda kwa kishoka, maana kishoka anataja bei hapo hapo, elfu kumi na tano na muhuri juu. Feki, ndiyo. Ila kataja.

Mawakili wanalalamika kila mwaka kuhusu vishoka. Kishoka hana gari la kuazima na hana tuzo. Anawashinda kwa vitu vitatu tu, yupo pale pale kila siku, anaongea lugha ya mteja, na anasema bei. Kama kuna mtaalamu wa masoko wa kweli mjini, aanzie hapo. Amwambie wakili aweke binti wa kupokea simu, anayelipwa vizuri na anayejua kumpigia mteja kumkumbusha tarehe ya kesi. Amwambie aandike kwa Kiswahili, kwa ufupi, mtu akifiwa na mume afanye nini wiki ya kwanza, mtu akikamatwa ndugu zake waende wapi, mtu akinunua kiwanja akague nini kabla ya kutoa hela. Amwambie mteja apewe gharama zake kwa maandishi siku ya kwanza, na risiti kila anapolipa. Hayo hayavunji kanuni yoyote. Ila hayana grafu inayopanda, ndio maana hayauziki.

Wapo mawakili wanaofanya hivyo, tena kimya kimya. Kuna mama mmoja wakili, ofisi yake iko mkoani huko, hana hata picha ya kukunja mikono. Kila Jumamosi asubuhi anakaa na watu sokoni anajibu maswali ya mirathi na ardhi, hatozi, na hamshiki mtu mkono kumwambia njoo ofisini. Foleni ya ofisi yake Jumatatu inafika barabarani. Hiyo ndiyo biashara ambayo mzee wa kiki hataki muijue, maana yeye hana pa kuingizia mkono.

KABLA HUJAMLIPA MTU

Kwa wadau ambao hawana mpango wa kuwa mawakili ila ipo siku watamhitaji mmoja, msichague wakili kama mnavyochagua wimbo. Wafuasi wananunuliwa, tuzo zinanunuliwa, vitabu vya kabatini vinaazimwa. Uliza jina lake kamili, halafu litafute kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili uone kama yupo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Uliza gharama, ziandikwe. Uliza nani atasimama mahakamani, yeye au kijana wake. Piga simu mara mbili kabla hujamlipa uone kama inapokelewa. Na ukiona kwenye kurasa yake kesi za watu wengine zimeanikwa kama nguo kwenye kamba, jua na yako kamba ipo.

Kwa mawakili vijana, leseni mliyoipata kwa jasho lile msiikabidhi kwa mtu ambaye jana alikuwa anapanga nani agombane na nani ili wimbo uende. Yeye akikosea anabadili jina la kurasa. Wewe ukifutwa, jina lako ni lile lile.

Na kwa mzee wa kiki mwenyewe, ambaye lazima ataisoma hii maana anasoma kila kitu kinachomhusu: wasanii uliwaacha na madeni, sasa hivi unawaacha wajane na kesi zilizoondolewa. Kama kazi yako ni halali kama unavyosema, anza na tangazo moja tu. Andika bei zako, andika unachouza, na andika nani anawajibika mambo yakiharibika. Mawakili wawili wa Phoenix waliweza kuandika bei zao gazetini mwaka 1976 wakijua wataadhibiwa. Wewe nani kakuzuia?

Mdau, umewahi kupata wakili kupitia mtandaoni? Alikusaidia au alikupiga? Majina ya watu tuyaache, kisa chako kishushe hapo chini.